Bei ya Ghorofa ya Chini

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchemsha maji ya kahawa, Renata Gawron aliifungua simu yake kuangalia, kwenye tovuti ya bei za nyumba, nyumba aliyolala ndani yake ina thamani gani siku hiyo. Aliomba iwe imeshuka. Si watu wengi wanaoiombea nyumba yao hivyo, naye alilijua hilo, na kwa aibu aliitazama ile bei kwa jicho moja, kama mtu anayechungulia kidonda chake mwenyewe.

Novemba ilipita bila bei kushuka. Ilipanda kidogo kidogo mpaka ikagota kwenye dola laki mbili na tisini elfu. Ile tovuti ilikuwa haijawahi kutuma mtu kugonga mlango wala kuingia ndani. Ilikuwa na picha moja tu ya mbele, iliyopigwa kutoka barabarani wakati wa kiangazi, na ndani ya picha hiyo mgongo wa baba yake ulionekana, ameinamia maua, kabla hajaanza kuugua.

Baba alifariki Agosti. Aliacha nyumba hiyo moja, upande wa kusini wa Milwaukee, na watoto wawili wa kuigawana nusu kwa nusu: Renata, aliyekaa naye na kumuuguza, na kaka yake mkubwa Daryl, aliyegombana na mzee akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akahamia Arizona, na tangu hapo akawa ndugu wa simu. Renata alitaka kubaki pale. Njia ilikuwa moja tu: akope benki, amlipe Daryl nusu yake, nyumba iandikwe jina lake. Kwa mshahara wa mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno, benki ilikuwa imeshamtajia kikomo chake: laki moja na kumi na tano elfu, na hapo hata angelia wasingeongeza.

Nusu ya ile bei ya mtandaoni ilikuwa laki moja na arobaini na tano.

"Umeona leo?" Daryl alimuuliza Jumapili, mpira ulipokwisha. Hakuwahi kupiga kabla timu ya nyumbani haijamaliza kucheza. Miaka yote ya Arizona haikuwa imembadilisha kwa hilo.

"Nimeona."

"Imepanda tena. Mzee angecheka mpaka akohoe. Nyumba aliyokuwa anaipaka rangi kwa brashi yenye manyoya matatu."

"Hiyo ni mashine tu, Daryl. Haijui kama bomba la jikoni linavuja."

"Ndiyo maana naiamini, mdogo wangu. Haikujui wewe, hainijui mimi. Haina wa kumpendelea."

"Benki inamleta mthamini Alhamisi. Si tumsubiri kwanza?"

"Tumsubiri. Lakini nakwambia mapema, usije ukasema sikukwambia. Akija na bei ya kuchekesha, nampigia dalali. Nyumba inatangazwa, mwenye uwezo anunue. Ukiwa na uwezo wewe, nunua wewe." Kisha sauti ikalainika. "Sikufukuzi, Reni. Nimekaa nyumba za kupanga maisha yangu yote. Nataka na mimi mara moja niwe na kitu changu."

Renata alikata simu akiwa hana hata la kumkasirikia. Angekuwa na kaka mchoyo, ingekuwa rahisi.

Pale kliniki, mwenzake Yolanda alikuwa na ushauri tayari. "Siku ya mthamini watu huoka biskuti ili nyumba inukie vizuri. Wewe kaanga samaki, tena wa juzi. Usioshe hata kijiko. Weka ndoo katikati ya sebule. Akikuuliza, mwambie unyamaze tu na utazame juu."

"Nimwambie yeye au ninyamaze mimi?"

"Nyamaza wewe. Ndoo itasema."

Walicheka wote wawili. Lakini Jumatano alipotoka kazini, Renata aliitoa ndoo kweli chini ya sinki, akaiweka sebuleni, akasimama kuiangalia. Ilipendeza, kwa maana mbaya. Ilitosha kumtia mtu yeyote shaka juu ya paa. Kisha macho yake yakashuka kwenye sakafu iliyokuwa chini ya ile ndoo. Baba alikuwa ameipiga randa mwenyewe, ubao kwa ubao, mwaka ule kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa na akakosa la kufanya na mikono yake. Renata akairudisha ndoo mahali pake, akaosha vyombo, akafuta vioo, akapanga viatu. Nyumba ile, ikiwa ni kumponyoka, basi imponyoke bila kusingiziwa.

Mthamini aliyekuja Alhamisi aliitwa Pahoua Lor, mama mfupi wa makamo, buti za mvua miguuni na kipimo cha urefu kinachotumia mwanga mkononi. Kabla hajamaliza kufuta miguu, simu ya Renata ikaita kwa video. Daryl alikuwa ameomba ruhusa kazini.

"Inua simu, Reni. Naona dari peke yake."

"Habari za Arizona, bwana," Bi Lor alisema, akiinama mbele ya kioo cha simu. "Nakuomba jambo moja tu. Usinitajie bei unayoitaka. Siruhusiwi kuipokea."

"Sitaji, mama. Nataka tu uone kila kitu."

"Kuona ndiyo kazi yangu."

Wakaanza kuzunguka: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, bafu. Bi Lor alielekeza kile kipimo ukutani, kikalia, akaandika. Daryl alisindikiza kila hatua. Kabati lile ni mwaloni halisi, mama. Mlango ule ni wa zamani, siku hizi hautengenezwi tena. Bi Lor aliitikia kwa adabu na mara nyingi hakuandika kitu. Alipoandika, Renata alitamani kujua ameandika nini. Asipoandika, alitamani kujua zaidi. Alijikuta anaficha kwa mwili wake ufa wa ukuta wa sebuleni, halafu akakumbuka kwamba ufa ulikuwa wa kumsaidia yeye, akasogea uonekane, halafu akaona haya akarudi. Bi Lor alimsubiri atulie, akaupiga picha.

Wakateremka chini.

Kama nyumba nyingi za mtaa ule, nayo iliwahi kunyanyuliwa. Babu wa babu yao alipofika kutoka Poland alijenga kijumba kidogo. Watoto walipoongezeka hakujenga kingine. Alikiinua kizima kizima kwa jeki, yeye na majirani, wakajenga vyumba chini yake, nusu ndani ya ardhi, nusu nje. Huko chini ndiko alikoishi bibi yao, waliyemwita Busia, mpaka alipofariki. Jiko lake lilikuwepo bado, na nyuma yake chumba chake, na kando chumba cha ujana wa Daryl, ambacho siku hizi kilijaa fimbo za kuvulia samaki za baba.

"Hapo ndipo tulipoishi," Daryl alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anamuuzia mtu kitu. "Juu kulikuwa kwa wageni na kwa Krismasi. Kula, kulala, kugombana, yote yalikuwa hapa chini. Sogeza simu, Reni. Basi, basi. Inatosha."

Bi Lor alipima vyumba vyote, akapiga picha, kisha akatoka nje kwenye manyunyu ya barafu, akaizunguka nyumba. Aliinama penye madirisha ya chini, ambayo mtu aliyesimama uani aliyaona usawa wa goti, akaigusa kwa ncha ya buti ile sehemu ambapo udongo ulikutana na ukuta. Aliporudi ndani alisema bila kuzunguka:

"Ukuta ukiwa umezikwa, hata upande mmoja tu, ghorofa nzima naiandika ni ya chini ya ardhi. Haiingii katika eneo la kuishi. Naiandika peke yake, na ina thamani yake, ila ni ndogo."

"Subiri kwanza," Daryl alisema. "Madirisha yanaingiza jua. Kuna jiko. Kuna bafu. Bibi yangu ameishi humo miaka arobaini."

"Nimeviona vyote, bwana."

"Sasa kwa hesabu yako bibi yangu alikuwa anaishi wapi? Hewani?"

Bi Lor hakukasirika. Alikuwa anakunja karatasi zake zisilowe. "Hata mimi nimelelewa kwenye ghorofa ya chini, si mbali na hapa, mtaa wa Mitchell. Tulijaa humo kama viatu kwenye boksi. Mama yangu mpaka leo hajui kwamba sehemu ile haihesabiki, na mimi si wa kumwambia." Akavaa kofia. "Lakini kitu kimoja ni vizuri mkijue. Kumbukumbu za manispaa zina vyumba viwili vya kulala hapa. Kule mtandaoni vimeandikwa vitano. Kule mtu anayesema ndiye mwenye nyumba anaweza kujiandikia mwenyewe, na ile bei hufuata alichoandika. Sijui nani aliandika, na hainihusu. Kwaherini."

Renata aliigeuza simu amtazame kaka yake. Kioo kilikuwa cheusi. Daryl alikuwa amekata.

Zikafuata siku za kungoja ripoti. Awali Renata alidhani anajua anachokiogopa: bei kubwa, mkopo usitoshe, aondoke. Kisha akaona kuna hofu ya pili iliyosimama mgongoni mwa ile ya kwanza. Bei ikiwa ndogo, Daryl atamwita dalali, na bado ataondoka. Aligeuza bei zote kichwani, kubwa na ndogo, hakupata hata moja iliyomwachia mlango wazi. Kliniki alimpa mgonjwa mmoja miadi miwili na mwingine hakumpa hata mmoja. Ijumaa, Yolanda alimpeleka kula samaki wa kukaanga kama kawaida yao, naye akavunjavunja kipande chake sahanini mpaka kikawa makombo.

"Kula, wewe," Yolanda alisema. "Hata mtu anayefukuzwa nyumbani anakula."

"Usiniambie hivyo."

"Basi sikusema. Kula."

Ripoti ilikuja Jumatatu. Nyumba: laki mbili na kumi na nne elfu. Nusu yake: laki moja na saba. Ilikuwa ndani ya kikomo cha benki. Renata alikaa kwenye ngazi za kwenda juu akacheka peke yake, kisha akaituma kwa Daryl bila kuongeza neno, akangoja.

Daryl hakujibu. Aliyempigia alikuwa mwanamume mwenye sauti changamfu asiyemjua. "Renata? Kaka yako ameniomba nipitie kesho kupiga picha. Tunataka iwe sokoni kabla ya Krismasi, watu wakiwa na moyo mzuri. Saa ngapi inakufaa?"

Renata alimwambia atampigia. Alimpigia Daryl, akapokea Daryl mwenyewe, mara moja, kana kwamba alikuwa ameishika simu akiisubiri.

"Nani aliandika vyumba vitano?"

"Reni..."

"Nimekuuliza swali dogo tu, kaka. Sijakuuliza la dalali bado."

Kwa upande wa Arizona lilisikika gari likirudi nyuma, likilia pii, pii.

"Mimi," Daryl alisema.

"Lini?"

"Baada ya mazishi. Nilikuwa hotelini kule karibu na uwanja wa ndege. Unakumbuka sikushuka chini siku ile? Nilifika mlangoni pa ngazi, nikashindwa. Nikarudi hotelini nikaitafuta nyumba kwenye simu, angalau niione. Imeandikwa vyumba viwili. Viwili, Reni. Nikasema, na sisi je, tulilala wapi? Nikaanza kuandika. Cha Busia. Changu. Cha mjomba Stas."

"Mjomba Stas alilala kwenye stoo ya viazi, nyuma ya tanuru la kupashia nyumba joto."

"Alilala au hakulala?"

"Alilala," Renata alikubali. "Na alikoroma mpaka mabomba yanaitikia."

Daryl alicheka, kicheko kifupi kilichokatika. "Asubuhi yake bei ikaruka. Nilifurahi, sijui nikwambieje. Nilifurahi kama mtu amesema jambo zuri juu yetu. Kila siku nikawa naangalia."

"Wewe ndiye uliyeiambia ile mashine, Daryl. Halafu ukakaa ukingoja ikwambie wewe."

"Najua. Tangu yule mama aliposema, najua."

"Sasa dalali wa nini?"

"Nimekuwa tajiri tangu Agosti, mdogo wangu. Unafikiri mtu anauacha utajiri kwa siku moja?" Alisema kwa mzaha lakini sauti haikuufikia mzaha wenyewe. "Kuna nyumba ndogo huku nilikwenda kuitazama. Mara mbili nimekwenda. Ina mti wa ndimu uani. Kwa laki moja na saba haitoshi. Huo ndio ukweli wote."

Renata alikaa chini. Hakuwa amejiandaa kwa mti wa ndimu. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na maneno yote makali aliyoyapanga yakawa hayana pa kutua.

"Na mimi nikwambie ukweli wangu," alisema. "Siku moja kabla yule mama hajaja, niliweka ndoo sebuleni. Nilitaka adhani paa linavuja."

"Ulifanya nini?"

"Niliitoa. Lakini niliiweka kwanza. Wewe uliongeza vyumba, mimi nilitaka kutoboa paa. Mzee angetuona."

"Angekuchapa wewe kwanza," Daryl alisema. "Paa alilitengeneza mwenyewe."

"Benki haitanikopesha zaidi ya nusu iliyopimwa, hiyo laki moja na saba, na pesa nyingine sina, kaka. Ningekuwa nayo ningekupa. Wala siombi hisani. Mtu ameipima nyumba kwa mkono wake, na hiyo ndiyo nusu. Ukimwita dalali sitagombana nawe. Nitafungasha. Lakini usiniambie kwamba ni mashine iliyoamua."

Gari la Arizona lilikuwa limeacha kulia. Daryl alivuta pumzi ndefu. "Nipe mpaka kesho," alisema.

Kesho ilichelewa kufika. Renata alipiga pasi nguo ambazo huwa hazipigwi pasi. Alizunguka vyumbani akiangalia ni kipi cha kubeba, akagundua kwamba alichotaka kubeba kilikuwa kimeshikamana na kuta. Asubuhi alikaa na simu mkononi muda mrefu bila kuifungua, kwa kuwa dalali alikuwa amesema kesho, na kesho ndiyo hiyo, na kila gari lililopunguza mwendo barabarani alidhani ni la dalali.

Mwishowe aliifungua, kwa mazoea tu. Laki mbili na thelathini na tano elfu.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba soko limeanguka, mtaa mzima, kwa usiku mmoja. Kisha akaona mstari wa chini yake. Vyumba vya kulala: vitatu.

Alipiga. Daryl alipokea akiwa anatafuna kitu.

"Umeviondoa," Renata alisema.

"Nimeondoa. Dalali naye nimemwambia asije, amenuna kidogo. Benki walete karatasi zao nitie sahihi, walete upesi, nisije nikaanza kuangalia tena."

Renata alitaka kusema asante. Akauliza la pembeni, la kumpa muda. "Vimebaki vitatu. Kimoja umekisahau."

"Sijakisahau. Nimekiacha."

"Chako?"

"Hapana. Changu mzee alishakimaliza, alipokijaza fimbo zake." Alimeza alichokuwa anatafuna. "Cha mjomba Stas. Busia ana sisi wa kumkumbuka. Mjomba hakuwa na mtoto."

"Daryl, kile hakina hata dirisha. Si chumba."

"Najua si chumba. Nani anakuuliza wewe? Wewe una nyumba sasa."

Renata alijifuta macho kwa mkono wa sweta. Alikuwa amechelewa kazini, na mkopo ule ungemfuata mpaka awe na mvi. "Na nyumba yako yenye mti?" aliuliza.

"Nimempigia mwenye nyumba asubuhi hii. Nimemwambia alete mthamini na yeye, maana ile bei yake ameitoa kwenye simu."

"Amesemaje?"

"Amekasirika," Daryl alisema. "Anasema simu haina wa kumpendelea."